Una Mmoja, Shukuru

Nina mtoto mmoja wa kike. Hapa nitamwita Neema. Kwa sababu yake naitwa Mama Neema kila mahali: dukani, kanisani, kwenye kikoba, mpaka na mume wangu. Mwanamke mwenye jina la namna hiyo hakuna anayemdhania kuwa anatafuta mtoto. Mimi nimetafuta tangu Neema yuko chekechea, na sasa yuko darasa la saba. Neno nililoambiwa kuliko yote katika miaka hiyo ni hilo lililo juu hapo. Nimeambiwa na ndugu, na wateja, hata na muuguzi mmoja aliyekuwa ananijazia fomu. Kushukuru nashukuru. Kulia bafuni huku nimefungulia maji ili mtoto asisikie, nako nimelia sana.

Sisi tuliopata mmoja halafu basi, tuko wengi kuliko mnavyodhani. Madaktari wanauita ugumba wa pili, na huku kwetu Afrika kusini mwa Sahara unaonekana zaidi kuliko ule wa kutopata kabisa. Sababu moja kubwa ni mirija ya uzazi kuharibiwa na maambukizi: ya zinaa kama klamidia na kisonono, yale yanayoingia baada ya kujifungua au mimba kuharibika, hata kifua kikuu kikishuka kwenye via vya uzazi. Klamidia inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili yoyote, inatafuna tu kimyakimya. Kwa hiyo swali la "mbona wa kwanza ulipata bila shida?" halina maana yoyote kitabibu. Wa kwanza alipita mirija ikiwa mizima.

Neema nilimzaa nikiwa na miaka ishirini na mitano, salama kabisa. Alipofika miaka mitatu nikashika mimba nyingine, ikaharibika katika mwezi wake wa nne. Nilisafishwa hospitali nikarudi nyumbani. Baada ya siku kadhaa ikaanza homa ya vipindi, tumbo la chini likawa linauma hata nikikohoa, na nikawa natokwa na uchafu wenye harufu. Jirani yangu mtu mzima, ambaye kwa kweli alinihudumia kama mwanawe siku zile, aliniambia nisiogope, kizazi kinajisafisha. Duka la dawa wakaniuzia vidonge vya siku tatu. Homa ikashuka, nikarudi Makoroboi, hapa Mwanza, kuuza vitenge vyangu, maisha yakaendelea. Daktari aliyekuja kuona picha zangu miaka mingi baadaye anaamini mirija iliharibikia hapo, ingawa hakuna anayeweza kuapa.

Kama hutakumbuka kingine chochote katika maelezo haya, kumbuka hili. Homa baada ya kujifungua au baada ya mimba kutoka, pamoja na maumivu ya tumbo la chini na uchafu unaonuka, ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo. Tena umalize dozi nzima utakayopewa, hata ukijisikia umepona siku ya pili.

Mwaka wa kwanza wa kutafuta sikuwa na wasiwasi. Wa pili nikaanza kuhesabu siku. Nilikuwa sijui kwamba kuna kipimo cha muda kinachokubalika: Shirika la Afya Duniani linasema ni ugumba pale mnapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba haijashika. Mwanamke akifikisha miaka 35, madaktari wengi hawamwambii asubiri mwaka, wanataka aonekane baada ya miezi 6. Kuwa na mtoto tayari hakuongezi muda huo. Shirika hilo hilo lilitoa ripoti mwaka 2023 likisema karibu mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia hali hii wakati fulani wa maisha yake. Nilipoisikia niliwaangalia watu kwenye daladala ya Buzuruga nikawahesabu kimoyomoyo.

Kilichokula miaka yangu ni kile ambacho mimi nakiita mzunguko wa UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) na PID (maambukizi ya via vya uzazi). Unaingia kwenye zahanati, unasema tumbo linauma na hushiki mimba, unapimwa mkojo, unaambiwa una UTI. Unaingia nyingine, hata hujapimwa unaambiwa una PID, unachomwa sindano siku tano. Miezi miwili baadaye unarudia. Mmoja aliniambia kizazi kimeinama. Mwingine akasema homoni zimevurugika, nikamwuliza homoni gani, akaniangalia kama nimemtukana. Hakuna katika hao wote aliyeniambia nikapige picha ya mirija, wala aliyeuliza mume wangu amepimwa. Siku hizi mtu akiniambia "nimeshatibiwa sana", namwuliza: umepimwa nini? Mara nyingi jibu ni mkojo.

Halafu kuna akina mama wa WhatsApp. Sina ugomvi na dawa za asili kwa ujumla, bibi yangu alikuwa mganga wa mitishamba na watu waliponea kwake. Lakini hizi chupa za "kuzibua mirija" na "kusafisha kizazi" zinazouzwa kwa picha za watoto wa watu wengine zimenitoka kama laki nne kwa jumla, na ukiongeza za kujifukiza ni zaidi. Mrija ulioziba umeziba kwa kovu. Unachokunywa kinakwenda tumboni, hakina njia ya kwenda kukwangua kovu lile. Na kujifukiza sehemu za siri au kujiingizia vidonge vya majani kunaweza kukuunguza na kukuletea maambukizi mapya, yaani unalipa ili uharibu zaidi. Ninaowaonea uchungu ni wale wanaoambiwa wakasafishwe tena kizazi hospitali "ili mimba ishike". Kukwangua kizazi bila sababu ya msingi kunaweza kuacha makovu ndani, na makovu hayo yenyewe ni chanzo cha ugumba.

Suala la kumpima Baba Neema lilileta ugomvi wa kwanza mkubwa katika ndoa yetu. Hoja yake ilikuwa fupi: "Mimi nina Neema, napimwa nini?" Na upande wa kwao walikuwa wameshaanza kumnong'oneza ajaribu nje, ili ijulikane tatizo liko wapi. Nasema wazi kwa sababu najua nyumba nyingi ndiko zilikovunjikia, na wengine wamerudi na maradhi ambayo hayakuwepo. Aliyemlainisha alikuwa kaka yake mkubwa, ambaye sikutegemea. Alimwambia: "Kipimo cha mkeo ni cha kulazwa mezani na kuingizwa vyuma. Cha kwako ni kikopo. Nenda."

Akaenda, na kikopo kikaja na vituko vyake. Maabara ile ilikuwa na choo kimoja na foleni nje, mlango haufungi vizuri. Alirudi amenuna. Nilipouliza nikaambiwa kumbe inaruhusiwa kukusanya nyumbani, mradi sampuli ifike maabara ndani ya saa moja na isipoe. Unaibeba karibu na mwili, ndani ya shati. Kabla ya hapo mwanaume akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, zisipungue wala zisizidi. Tulitoa shilingi elfu thelathini. Majibu ya kwanza yalikuwa mabaya: mbegu chache, na nyingi hazitembei vizuri. Mume wangu alikaa siku mbili hasemi na mtu. Mtaalamu alipomhoji akagundua alikuwa ametoka kuugua malaria kali, na homa kali hushusha mbegu. Mbegu huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa, kwa hiyo kipimo kinarudiwa baada ya kama miezi mitatu. Akarudia, zikawa sawa. Fikirieni ni wanaume wangapi wamepewa hukumu kwa karatasi moja. Na wale wanaotumia dawa za kujaza misuli zenye homoni ya testosteroni waelewe kwamba zinaweza kuzima kabisa utengenezaji wa mbegu. Daktari alisema anawaona wengi, vijana wa jimu, vifua vipana na kikopo kitupu.

Zamu yangu ikawa ile picha, ambayo kwenye fomu huandikwa HSG. Hupigwa damu ya mwezi ikishakata na kabla yai halijatoka, kwa wengi kati ya siku ya 6 na ya 12 ukihesabu tangu siku ya kwanza ya kuona damu. Nilitozwa laki mbili na kidogo. Walinishauri ninywe dawa ya maumivu saa moja kabla, na nawashauri msiipuuze. Nenda na pedi, nenda na mtu. Mimi nilikwenda na wifi yangu.

Nililazwa kwenye meza ya eksirei, magoti juu, kile chuma cha baridi kikaingizwa, kisha mpira mwembamba, kisha dawa inayoonekana kwenye picha. Maumivu yalikuja kama ya hedhi mbaya kabisa, yakashika kiuno chote, kisha yakaachia. Hayakufika dakika tano. Mpiga picha, kijana mdogo, aligeuza skrini ili nione, na nitamshukuru kwa hilo. Kizazi changu kilikuwa pembetatu nyeupe. Kwenye pembe mbili za juu ndipo zinapotakiwa kutokea nyuzi mbili nyembamba, na mwishoni dawa imwagike na kusambaa tumboni. Kushoto hakikutoka kitu. Kulia uzi ulitokea, ukatambaa, ukafika mwisho ukavimba kama soseji, na dawa ikabaki humo humo. Sikuhitaji kutafsiriwa. Wifi alikuwa amenishika kidole gumba cha mguu, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu naye, na hakukiachia mpaka nilipoambiwa nishuke.

Daktari alinieleza mambo mawili ambayo sijawahi kuyasikia kokote kabla. Kwanza, kuziba pale mwanzoni mwa mrija wakati mwingine ni msuli tu umekaza kwa maumivu, kwa hiyo upande wangu wa kushoto usihukumiwe kwa picha moja. Pili, ule wa kulia uliojaa maji ni mbaya zaidi ya kuziba, maana maji yale hurudi kwenye kizazi na kuharibu nafasi ya mimba kushika. Hata ukifanya IVF, yaani yai kurutubishwa nje ya mwili kisha kurudishwa kizazini, ukiwa nao, uwezekano wa kufanikiwa hushuka karibu nusu. Inabidi ukatwe au ufungwe kwanza. Akaongeza kwamba mwenye mirija iliyoharibika akichelewa kuona siku zake kisha akasikia maumivu ya upande mmoja au kizunguzungu, akimbie hospitali, maana mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi na mrija ukapasuka.

Nilifanyiwa laparoskopi, upasuaji wa matundu madogo. Wa kulia ukaondolewa, wa kushoto ukaonekana umenata na utumbo kwa makovu. Ililipiwa milioni mbili na nusu. Bima yangu haikutoa hata senti, kwa maelezo kwamba matibabu ya kutafuta uzazi hayamo. Ulizeni bima zenu kwa maandishi kabla hamjapanga bajeti.

Ikabaki IVF, ambayo huku mitaani tunaiita kupandikiza. Mama mkwe alipopata habari aliogopa kweli kweli, si kwa ubaya. Alidhani mtoto atakuwa wa chupa, hana akili za kawaida. Nilimwambia wa kwanza alizaliwa Uingereza mwaka 1978, anaitwa Louise Brown, ni mama wa watoto wawili na aliwapata kwa njia ya kawaida. Akanyamaza, halafu akauliza kama huyo Louise naye ana mama mkwe.

Kwa upande wa imani sikupata njia nyepesi. Mimi ni Mkatoliki, na Kanisa limeikataa IVF rasmi kwa waraka wa mwaka 1987, hata ikiwa ni mke na mume wenyewe. Nilimjua dada mmoja kwenye foleni, Muislamu, ambaye sheikh wake alimwambia mradi mbegu ni ya mume, yai la mkewe na ndoa ipo, hakuna kizuizi. Msimamo huo ulishatolewa na mufti wa Misri tangu 1980. Nilimwonea wivu. Nilikwenda kwa padri, nikaongea naye muda mrefu, hakunidanganya kuhusu mafundisho na hakunifukuza. Uamuzi ulikuwa wangu na wa mume wangu. Sitakuambia na wewe uamue nini, ila ukaliongee mapema, kabla hujalala kwenye kitanda cha kliniki, kwa sababu kuna maswali huko mbele yatakukuta hujajiandaa. Nitayafikia.

Pesa. Kliniki ya binafsi tuliyokwenda Dar es Salaam ilitupa bei ya milioni kumi na mbili. Tulipomaliza ilikuwa imefika kumi na sita, kwa sababu bei ya kwanza haikuwa na dawa za sindano, wala dawa ya usingizi, wala kugandisha viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa. Tuliuza kiwanja cha Kisesa, na mimi nikakopa kikoba nikisema naongeza mtaji. Uongo huo ulinigharimu usingizi, maana kila mkutano mwenyekiti alikuwa ananiuliza mzigo mpya umefika. Siku hizi Muhimbili nao wana huduma ya upandikizaji mimba, kwa hiyo waulizeni na wao kabla hamjatoa fedha popote. Mkifika kokote ombeni bei iliyoandikwa kitu kimoja kimoja. Waulizeni: katika wanawake wa umri wangu, wangapi wanaondoka na mtoto mikononi? Ukiuliza "wangapi wanafanikiwa" utapewa idadi ya waliopata kipimo chenye mistari miwili, na hilo ni jambo jingine. Waulizeni pia wanarudisha viinitete vingapi. Mapacha watatu wanapendeza kwenye kalenda, lakini mimba ya namna hiyo ni ya hatari kwa mama na watoto, na kliniki makini mara nyingi hurudisha kimoja au viwili.

Nilikaa kwa dada yangu Tabata wakati wote wa sindano. Unajichoma mwenyewe tumboni kila jioni, kwa wengi ni siku kumi hivi mpaka kumi na mbili, huku unapigwa ultrasaundi kila baada ya siku mbili tatu. Sindano yenyewe haiumi sana. Kilichonitesa ni umeme. Baadhi ya dawa zinataka ubaridi wa friji, nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika usiku unaamka kushika mlango wa friji kama vile ukiushika utabaki na baridi. Dada alinunua barafu, tukaweka kwenye chupa kubwa ya chai, dawa ndani ya mfuko juu ya kitambaa ili isigande, maana ikiganda nayo imeharibika. Sindano ya mwisho, ya kupevusha, inachomwa saa ile ile waliyokuandikia, kwa sababu mayai yanavunwa kama saa 36 baadaye. Weka kengele kwenye simu tatu. Na ukiona tumbo linavimba haraka, unahema kwa shida au mkojo umepungua, piga simu kliniki usiku huo huo. Ovari zinaweza kuitikia dawa kupita kiasi, na hilo limewahi kuua watu.

Yalivunwa mayai tisa. Nilifurahi nikaanza kuona watoto tisa. Hakuna aliyenitayarisha kwa jinsi yanavyopungua: yaliyokomaa saba, yaliyorutubika matano, siku ya tano vikabaki viinitete vitatu. Hivyo ndivyo inavyokwenda kwa watu wengi, wala si kliniki imekuibia. Kimoja kikarudishwa kizazini, viwili vikagandishwa.

Nilirudi Mwanza kwa basi kwa sababu fedha ya ndege haikuwepo. Kipimo cha damu nilipimia huku, wakanitumia majibu kwa simu nikiwa dukani. Mteja alikuwa ananiomba nimpunguzie doti ya kitenge, nimesimama na kitenge mkononi, nikasoma: chini ya 5. Maana yake hakuna mimba. Nikamwuzia kwa bei aliyotaka, chini ya bei niliyonunulia.

Miezi iliyofuata ndipo nilipojua watu wangu ni nani. Sitawataja walioniambia ni mapenzi ya Mungu, wala aliyeniambia nisifikirie sana ndiyo itakuja, kana kwamba mrija uliokatwa huota mtu akipumzika. Nitamtaja wifi. Yeye alishika mimba miezi michache baada ya yangu kushindikana. Kabla hajasema kwenye grupu la familia, alinipigia: "Wifi, nimeona uisikie kwangu kwanza. Huna haja ya kunijibu leo, na kwenye sherehe usipokuja sitakuuliza." Nilikata simu nikalia, kisha nikamtumia ujumbe wa hongera kesho yake, kwa moyo. Kwenye sherehe sikwenda, na yeye mwenyewe akawaambia watu nimesafiri. Kama una ndugu anayetafuta mtoto na wewe umepata, fanya kama huyu. Usimfiche, maana atajua na atajiona ametengwa; usimtangazie mbele za watu, maana atalazimika kutabasamu.

Msaada mwingine ulikuwa mdogo mdogo na wenye thamani. Dada wa Tabata hakuniuliza hata siku moja "vipi, imeshika?" Alipika, akaniachia ufunguo. Shemeji yangu alikaa na Neema wiki zile zote akampeleka shule kwa bodaboda. Mwenyekiti wa kikoba, nilipomwambia ukweli mwishowe, alinijibu kwamba alishajua, mtu wa mtaji mpya hawezi kuwa anakuja na macho mekundu, na akaniongezea muda wa marejesho bila faini. Halafu akanisogeza pembeni akaniambia mimba zake mbili zilitoka kabla ya mwanawe wa mwisho, jambo ambalo katika miaka yote ya kukaa naye sikulijua. Tangu siku hiyo wanawake watatu wa kikoba hicho hicho wamenifuata kila mmoja kwa wakati wake, na wawili nimewasindikiza kwenye picha ya mirija. Mmoja mirija yake ilikuwa wazi, na mimba ikashika miezi miwili baadaye. Hutokea hivyo kwa wengine baada ya dawa ile kupita.

Neema ndiye nilikuwa sijui nimwambie nini. Alipokuwa mdogo alikuwa anaomba mdogo wake katika sala za usiku, kwa sauti, mbele yangu, na mimi nikiitikia amina. Baadaye akaacha. Nilidhani amesahau, kumbe bibi yake alimwambia asiombe kwa sauti, mama anaumia. Alipofika miaka kumi na mbili nilimweleza kwa lugha nyepesi: mirija ya mama iliugua, tumejaribu kwa madaktari, haikuwezekana. Akauliza kama aliiumiza yeye alipozaliwa. Mtoto alikuwa amelibeba hilo sijui tangu lini. Kama una mmoja nyumbani na unahangaika kutafuta wa pili, usingoje akue ndipo umwambie si yeye.

Sasa yale maswali niliyosema nitayafikia. Viinitete viwili viko Dar es Salaam, vimegandishwa, na kila mwaka tunalipa ada ya kuvihifadhi. Hakuna aliyetukalisha chini kabla ya kuanza akatuuliza mtavifanyia nini vikibaki; tulisaini fomu ya kugandisha asubuhi ya kuvuna mayai, nikiwa nimeshafunga kula na nina wasiwasi. Kwa mtu wa imani yangu jambo hilo ni zito. Mume wangu anataka tujaribu tena, na kurudisha kilichogandishwa ni nafuu, hakuna sindano za mwanzo wala kuvuna. Mimi kuna siku nataka na kuna siku naona mwili wangu umechoka kuwa mradi. Kuviacha viharibiwe siwezi kusema ndiyo, na kulipa ada miaka yote nako si jibu. Nina miaka thelathini na minane, na kizazi hakizeeki haraka kama mayai, kwa hiyo daktari anasema muda upo kidogo. Tumekubaliana tusiamue kabla Neema hajamaliza mtihani wake wa mwezi wa tisa, maana nyumba yenye mtihani haihitaji jambo jingine. Ada ya mwaka huu nimeshalipa.